Kutoka Kampala Hadi Fainali za Dunia: Jinsi ya Kupita Michujo ya Gemu na Kuipata Zawadi Yako

Kila msimu mpya wa mashindano ya gemu ukikaribia, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nianzie wapi? Lazima niwe na kompyuta ya mamilioni? Nikishinda, pesa zinafikaje Uganda? Na lile gumu kuliko yote, kwa sababu mwenye kuuliza huwa ameshachelewa: "Nimefuzu, sasa viza inachukua muda gani?" Kuyajibu vipande vipande kwenye WhatsApp kumenichosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Elewa jambo moja mapema. Vijana wetu hawakwamishwi na vidole. Ingia banda lolote la gemu Wandegeya au Kikoni, hapa Kampala, jioni, utaona watu wanaocheza kama wamezaliwa na padi (kidhibiti cha gemu) mkononi. Wanakwamishwa na kanuni wasiyoisoma, jina lisilolingana, saa iliyokosewa na pasipoti ambayo haipo. Mwongozo huu haukufundishi kucheza. Unakufundisha kufika.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kitambulisho cha taifa. Kama hujafika miaka 18, uwe na cheti cha kuzaliwa na mzazi aliye tayari kutia saini.
- Pasipoti, au angalau ombi lililokwisha kuwasilishwa.
- Akaunti moja tu ya gemu, isiyowahi kufungiwa, na baruapepe ambayo unaifungua kila siku.
- Akaunti ya Discord, programu ya mazungumzo ya vikundi. Matangazo ya michujo, waamuzi na malalamiko yote huishi huko.
- Laini mbili za mitandao tofauti, kwa mfano MTN na Airtel, zote zikiwa na bando.
- Akaunti ya benki kwa jina lako mwenyewe, siyo ya mjomba.
- Kifaa kinachokubaliwa na kanuni. Kumbuka, kinachokubaliwa si lazima kiwe cha bei mbaya.

Hatua ya 1: Chagua gemu kwa kuangalia ngazi yake

Wengi huchagua gemu wanayoipenda, kisha ndipo wanatafuta mashindano. Geuza. Angalia kwanza kama ngazi ya gemu hiyo inaanzia mahali unapoweza kukanyaga ukiwa Kampala, Mbarara au Gulu.

Njia za kufika fainali za dunia si nyingi. Ya kwanza ni mchujo wazi mtandaoni: yeyote anajiandikisha, washindi wanaingia mchujo wa mwaliko, halafu fainali za kanda, halafu dunia. Kombe la Dunia la Fortnite la 2019 lilianza kwa mchujo wazi wa namna hiyo. Wachezaji 100 wa mmoja mmoja walifika New York, kila mmoja akiwa na uhakika wa angalau dola 50,000, na kijana wa miaka 16 wa Marekani, Bugha, akaondoka na dola milioni 3. Njia ya pili ni kukusanya pointi msimu mzima, ilivyo kwenye ziara za gemu za mapigano kama Tekken na Street Fighter. Ya tatu ni kuchaguliwa timu ya taifa, nitaieleza kwenye hatua ya 7.

Ya nne ndiyo watu wengi hawaijui: mashindano yasiyo na mchujo kabisa. Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano yanayofanyika Las Vegas, hupokea yeyote aliyelipa ada na kufika ukumbini. Unacheza hadi upoteze mara mbili, basi. Arslan Ash wa Pakistani alishinda Tekken 7 kwenye Evo Japan mnamo Februari 2019, ingawa safari yake ya kwenda Fukuoka ilisuasua kwa matatizo ya viza na ndege. Agosti mwaka huo huo akashinda tena Las Vegas. Alikuwa amejifua Lahore, mbali na macho ya dunia.

Kwa mwenye simu tu, angalia PUBG Mobile, Mobile Legends na eFootball. Fainali za dunia za PUBG Mobile za 2023 huko Istanbul zilikuwa na fungu la zawadi la dola milioni 3, na bingwa alikuwa timu ya IHC kutoka Mongolia, nchi isiyo na bahari kama yetu. eFootball nayo ilikuwa kwenye FIFAe World Cup ya 2024 Riyadh, ambako bingwa wa upande wa simu alitoka Malaysia.

Na usicheke nikitaja chesi. Esports World Cup ya 2025 Riyadh iliiingiza kwa fungu la dola milioni 1.5, bingwa Magnus Carlsen akachukua 250,000. Nafasi 12 kati ya 16 zilipatikana kupitia ziara ya mtandaoni. Chesi haijali sana mtandao wako ukikohoa kidogo, na mji uliomtoa Phiona Mutesi wa Katwe hauna sababu ya kuiogopa.

Hatua ya 2: Soma kanuni, tena zote

Kitabu cha kanuni kinaweza kuwa na kurasa 40 za Kiingereza cha mawakili. Huna haja ya kukariri, ila tafuta mambo haya na uyaandike pembeni.

Umri. Fortnite ya 2019 ilianzia miaka 13, lakini mashindano mengi huanzia 16, mengine 18. Kinachohesabiwa huwa ni tarehe fulani iliyotajwa, siyo siku ya fainali.

Kanda. Mara nyingi kanda yako inafuata mahali unapoishi, siyo uraia. Mganda anayesoma Nairobi au anayefanya kazi Dubai anaweza kutakiwa kuchezea huko. Na mara nyingi Afrika huunganishwa na Ulaya na Mashariki ya Kati, maana yake utapangwa na timu za Ujerumani au Uturuki tangu raundi za mwanzo. Timu za kudumu nazo huwekewa kikomo cha wachezaji wanaotoka nje ya kanda. Ukitaka kumchukua rafiki aliye Toronto, hakikisha kwanza.

Kifaa. Kwenye gemu za simu, kucheza kwa kompyuta kupitia programu ya kuigiza simu ni kosa la kufungiwa. Mashindano kadhaa yanakataa tableti pia. Kuna yanayotaka kamera ya pili iangalie mikono yako unapocheza, kwa hiyo tafuta simu ya kuazima na kitu cha kuisimamisha.

Tarehe ya kufunga orodha ya wachezaji. Baada ya siku hiyo, mwenzako akiingia mitini, huwezi kuweka mwingine.

Halafu saa. Hapa ndipo wanapoanguka wengi kuliko popote. Ratiba hutolewa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia) au kwa saa za Ulaya. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo 17:00 UTC ni 20:00 Kampala, yaani saa mbili usiku. Ulaya ya kati hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi: mechi ya 18:00 ya Berlin mwezi Julai ni saa moja jioni kwetu, lakini Januari ni saa mbili usiku. Na ukimwandikia mwenzako "tunaanza saa 8", mmoja atajitokeza mchana na mwingine usiku. Kwenye kundi la timu andikeni saa za tarakimu 24, kila mara, bila ubishi.

Hatua ya 3: Pima mtandao kwa saa ile ile ya mechi

Sehemu kubwa ya intaneti yetu inashuka hadi Mombasa kabla ya kuingia kwenye kebo za baharini. Kila kilomita 1,000 za kebo zinakula kama milisekunde 10 kwenda na kurudi, kwa hiyo ukicheza kwenye seva ya Ulaya pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) itapita milisekunde 100 hata kama bando lako ni la kifalme. Hakuna laini itakayobadilisha hilo, usidanganywe na muuzaji. Kampuni ya Valve ina seva Johannesburg kwa gemu zake za Dota 2 na CS2, na huko utapumua kidogo, ila mchujo ukiwa wa kanda ya Ulaya mtapelekwa Ulaya.

Kinachokuua si pingi kubwa iliyotulia, ni pingi inayorukaruka. Mtu wa 140 isiyotikisika hujifunza kupiga mapema na mwili unazoea. Mtu wa 90 inayoruka hadi 300 kila jirani anapowasha filamu hana la kufanya.

Fanya hivi: kwa siku kadhaa mfululizo, kuanzia 19:00 hadi 22:00, ingia mechi za kawaida kwenye seva ya mchujo wenyewe. Andika namba ya juu kabisa uliyoiona, siyo ya wastani. Jaribu MTN, kisha Airtel, kisha nyaya za mtandao kama hosteli au ofisi ya rafiki inazo. Saa mbili usiku kwenye mtaa wenye hosteli nyingi, mnara mmoja unabeba kila mtu, na laini iliyokuwa nzuri saa nne asubuhi inageuka kinyonga. Inayoshinda usiku ndiyo ya mechi.

Tumia waya pale inapowezekana. Zima masasisho ya simu na ya kompyuta. Nunua yuniti za umeme za Yaka mchana, na uwe na pawabanki au betri ya kuendesha ruta, maana umeme hauulizi kama uko nusu fainali.

Onyo: usitumie VPN (programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni) kutafuta njia fupi bila ruhusa ya maandishi ya mwamuzi. Kwenye michujo mingi VPN inahesabiwa kama kudanganya mahali ulipo.

Hatua ya 4: Linganisha majina

Chukua kitambulisho chako ukiweke pembeni ya skrini. Jina la ukoo linatangulia, halafu jina ulilopewa. Sasa fungua fomu ya usajili. Jina la mchezoni liwe unavyotaka, hata "MuwanguziUG", lakini sehemu ya jina halisi iwe herufi kwa herufi kama kitambulisho na pasipoti. "Ssali" na "Sali" kwa afisa wa viza ni watu wawili, na kwa benki pia. Kama kitambulisho na pasipoti vyenyewe vinatofautiana, anza kurekebisha leo, maana hiyo si kazi ya wiki moja.

Hatua ya 5: Unda timu na muandikiane

Karatasi moja inatosha: nani nahodha, nani akiba, zawadi inagawanywaje, nani analipia bando na mafuta ya jenereta, na nini kinatokea mtu akijitoa. Wote mtie saini. Marafiki husema hawahitaji karatasi, hadi siku dola za kwanza zinapoingia.

Kama kuna meneja au klabu inayotaka kuwasajili, uliza asilimia yake na muda wa mkataba. Mkataba wa miaka mitatu kwa ahadi ya jezi na padi moja, ukatae.

Hatua ya 6: Siku ya mchujo

1. Ingia Discord saa moja kabla. Soma matangazo yote ya siku hiyo, kwa kuwa seva au ramani huweza kubadilishwa dakika za mwisho.
2. Thibitisha uwepo wako dirisha likifunguliwa. Kujiandikisha siku ya kwanza hakutoshi. Dirisha huwa fupi, mara nyingi chini ya saa moja, na likifungwa umetoka kabla ya kupiga hata mpira mmoja.
3. Piga picha ya skrini ya kila matokeo, alama na majina vikionekana. Mpinzani akidai ameshinda, picha ndiyo wakili wako.
4. Mtandao ukikatika, rudi upesi kadiri unavyoweza na umwandikie mwamuzi palepale. Kanuni hutoa dakika chache tu za kusubiri. Usihame laini katikati ya mechi kama ya kwanza bado inapumua.
5. Usimtukane mwamuzi. Anabaki na kumbukumbu hadi msimu ujao.

Ukitolewa raundi ya kwanza, endelea na mchujo unaofuata. Misimu mingi ina michujo wazi zaidi ya mmoja, na wa pili mara nyingi ni mwepesi kwa sababu wakali wameshapita.

Hatua ya 7: Njia ya timu ya taifa

IESF, shirikisho la kimataifa la esports (mashindano ya gemu) lenye makao yake Busan, Korea Kusini, huandaa mashindano ya dunia ambayo nchi hupeleka timu kupitia chama cha taifa, na Afrika huchujwa kama kanda inayojitegemea. Fainali za 2023 zilifanyika Iași, Romania, kwa fungu la dola 500,000 lililogawanywa kwa gemu kadhaa, zikiwemo CS:GO, Dota 2, eFootball na Tekken 7. Jumuiya ya Madola nayo iliwahi kuwa na mashindano yake ya esports Birmingham, Agosti 2022, sambamba na michezo ya kawaida.

Kabla ya kumpa mtu yeyote ada ya "majaribio ya timu ya taifa", omba kuona uthibitisho wa chama chake kutoka Baraza la Taifa la Michezo, lenye ofisi Lugogo, na utazame orodha ya wanachama kwenye tovuti ya IESF. Tangu Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023, chama cha mchezo hakijiiti cha taifa kwa mdomo tu. Mwenye haki hatakasirika ukiuliza.

Kuhusu Olimpiki ya esports: ilitangazwa 2024 kwa ushirikiano na Saudi Arabia, ikasogezwa hadi 2027, kisha Oktoba 2025 ushirikiano huo ukavunjwa. Anayekuuzia nafasi ya huko leo anakuuzia hewa.

Hatua ya 8: Karatasi za safari

Usisubiri kufuzu. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Unajaza ombi mtandaoni, unalipa benki, kisha unakwenda kwa alama za vidole Kyambogo au ofisi za kanda kama Mbarara na Mbale. Aliye chini ya 18 aende na wazazi na vitambulisho vyao.

Chanjo ya homa ya manjano: kadi yake huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa siku tatu kabla ya ndege, kadi ni pambo tu.

Viza ndiyo mlima. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ombi linapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, kwa ada ya euro 90, na kupata tarehe ya miadi kwenyewe kunaweza kula wiki. Siku ile ile unapofuzu, mwandikie mwandaaji akupe barua ya mwaliko yenye jina lako la pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe, mahali pa kulala na nani anagharamia nini. Ongeza taarifa ya benki ya miezi sita na barua ya chuo au mwajiri inayosema unatarajiwa kurudi. Afisa anataka kujua utarudi Entebbe. Kwamba wewe ni hodari wa Tekken hakumhusu hata kidogo.

Mahojiano yakiwepo, usiseme "naenda kucheza gemu". Sema unakwenda kushindana, mashindano gani, mwandaaji ni nani, fungu la zawadi ni kiasi gani, na utoe ratiba.

Hatua ya 9: Zawadi

Tarakimu kubwa kwenye tangazo si mshahara wako. The International, mashindano ya dunia ya Dota 2, ya 2021 ilikuwa na dola 40,018,195, na Team Spirit, waliokuwa mabingwa, walichukua takribani milioni 18.2. Esports World Cup ya 2024 ilitangaza zaidi ya dola milioni 60, lakini milioni 20 kati ya hizo zilikuwa za klabu kwa jumla ya pointi. Kwa hiyo kabla ya kuota, fungua jedwali la mgawanyo na uangalie mtu wa nane anapata nini. Huyo ndiye wewe mwaka wa kwanza, ukijitahidi sana.

Piga hesabu hivi. Timu ya watu watano imeshinda dola 5,000 Marekani. Kodi ya huko kwa mgeni kwa kawaida ni asilimia 30, zinabaki 3,500. Klabu inachukua asilimia 20, zinabaki 2,800. Gawanya kwa watano: 560 kila mtu. Dola ikiwa 3,600, hiyo ni kama shilingi milioni mbili. Pesa nzuri, ila si gari.

Mwandaaji atakuomba fomu ya kodi, nakala ya pasipoti, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yako (unaoitambulisha kimataifa). Zitume mara moja na utunze nakala. Malipo huchukua miezi, si siku. Na uliza URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mapema unavyotakiwa kutangaza mapato hayo.

Ukikwama

*Fomu haina Uganda kwenye orodha ya nchi.* Usichague Kenya kwa urahisi. Mwandikie mwandaaji na usubiri jibu la maandishi. Nchi ya uongo hugunduliwa wakati wa malipo, na hapo ushindi wote unafutwa.

*Akaunti yangu ilifunguliwa kwa kanda nyingine.* Omba msaada wa kampuni ya gemu wiki kadhaa kabla. Ikishindikana, fungua mpya na uanze kupanda daraja sasa.

*Intaneti imezimwa nchi nzima.* Januari 2021 ilitokea wakati wa uchaguzi, na Mei 2024 kebo mbili za baharini zilikatika na Afrika Mashariki yote ikayumba. Mwarifu mwamuzi kwa njia yoyote, hata kupitia ndugu aliye nje, ukiambatanisha habari ya gazeti. Wengine huahirisha, wengine hapana. Kama ratiba ya mchujo inagongana na uchaguzi, fikiria kulala Busia upande wa Kenya, baada ya kuuliza kama kanuni za ukazi zinaruhusu.

*Nimenyimwa viza.* Omba sababu kwa maandishi na umwulize mwandaaji kama nafasi inahamishiwa kwa mchezaji wa akiba au kwa msimu ujao. Ndiyo sababu mchezaji wa akiba naye anatakiwa awe na pasipoti.

*Mtu ananiambia nimefuzu, nitume pesa ya viza kwa simu.* Ada za viza hulipwa ubalozini au kwenye kituo chake rasmi. Zuia namba yake, piga picha mazungumzo, wapelekee wenzako wasiliwe.

*Zawadi haijafika.* Angalia kwanza barua taka kwenye baruapepe, mara nyingi fomu ya kodi imelala huko ikikusubiri. Kisha mwandikie mwandaaji ukitaja jina la mashindano, nafasi uliyoshika na tarehe. Ikipita tarehe iliyo kwenye kanuni, nakili ujumbe huo kwa kampuni yenye gemu, kwa sababu ndiyo inayompa mwandaaji leseni.